Kaseti za babu: mvumo hauondoki na sauti imekuwa nyembamba

Mjukuu wa Langoni (Lamu)

Asalam aleikum. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti hadi kwenye kompyuta. Nimerithi kaseti 22, nyingi zikiwa za dakika 90, ambazo marehemu babu yangu alizirekodi katika miaka ya 1980 nyumbani kwetu Langoni, si mbali na Msikiti wa Riyadha. Ndani yake mna kasida, tenzi alizozisoma mwenyewe akiwa ameketi dakani, na vipande vya maulidi vyenye matari na nai. Alitumia kinasa sauti kidogo cha kubebwa mkononi, chenye spika moja na kitufe chekundu cha kurekodia, ambacho alikuwa akikiweka juu ya mkeka mbele yake na kukichomeka kwenye umeme wa nyumba.

Nimepata dekki (mashine ya kuchezea kaseti) kuukuu huko Mombasa. Nimechukua waya kutoka kwenye tundu la hedfoni la dekki na kuuingiza kwenye tundu la maikrofoni la laptopu, kisha ninarekodi kwa programu ya Audacity. Swichi ya Dolby B nimeiwasha, kwa kuwa nilisoma mahali kwamba inapunguza mchakacho wa kanda. Matokeo yake hayaniridhishi hata kidogo. Sauti imezibwa kana kwamba babu anasoma akiwa amejifunika shuka, hata sini na swadi, zile herufi za Kiarabu zenye sauti ya s, hazitofautiani, na vina vya beti vinapotea kila neno linapoishia kwa herufi nyepesi. Chaja ya laptopu ikiwa imechomekwa kuna mngurumo mkali. Nikiichomoa, mngurumo ule unaondoka lakini unabaki mvumo mzito wa chini ambao haunyamazi. Nilijaribu kuukata kwa kichujio chembamba penye 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) na 100 Hz, kwa sababu najua umeme wetu ni wa 50 Hz, lakini haukuondoka. Nilipotumia kifaa cha kupunguza kelele kwa nguvu zaidi, mchakacho ulikwisha na babu akaanza kusikika kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi wa maji.

Jambo la mwisho labda halihusiani na ufundi. Nilimsikilizisha shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki, naye akasikiliza ubeti mmoja akasema: "Huyu si baba. Huyu ni kijana fulani anamuigiza baba." Tulicheka, lakini maneno yake yamenikaa. Nia yangu ni kuikabidhi redio ya hapa kwetu baadhi ya kasida hizi kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, kwa hiyo muda si mwingi.

Fundi wa Redio (Malindi)

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nimetengeneza redio na dekki hapa Malindi kwa miaka mingi, na naweza kukuambia kwamba kaseti zako huenda ni nzima kuliko unavyodhani. Ulichoharibu ni njia ya kuzisoma. Hilo ni jambo la heri, kwa sababu njia inatengenezeka.

Anza kwa kuzima Dolby. Mfumo ule hufanya kazi kwa jozi: wakati wa kurekodi, mashine huzinyanyua sauti nyembamba zilizo dhaifu, na wakati wa kusikiliza huzishusha tena kwa takriban desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na mchakacho wa kanda hushuka pamoja nazo. Kinasa sauti cha babu, kile cha kuwekwa mkekani, hakikuwa na Dolby. Kwa hiyo dekki yako inashusha kitu ambacho hakikunyanyuliwa, na kinachoshuka ndicho hicho hicho kinachotofautisha sini na swadi.

Pili, usitumie tundu la maikrofoni. Maikrofoni hutoa milivolti chache tu, ilhali dekki hutoa volti nzima au nusu yake, na laptopu nyingi husoma tundu lile kwa upande mmoja tu, bila kulia na kushoto. Tafuta kadi ndogo ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye USB na yenye matundu ya laini, kisha chukua sauti nyuma ya dekki, kwenye yale matundu mekundu na meupe. Rekodi kwa biti 24 na 48 kHz, na urekebishe kiwango ili vilele vya sauti vifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kurekodi. Usitamani mistari mikubwa kwenye skrini: sauti ikigonga sifuri imekatwa kichwa, na hakuna programu itakayomrudishia babu alichonyang'anywa. Chaja ichomoe kabisa na ufanye kazi kwa betri. Betri ikikaribia kuisha, simamisha kazi, uchaji, ndipo uendelee.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Kanda ya kaseti hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukigawa kasi hiyo kwa 8000, utaona kwamba wimbi moja la 8000 Hz, ambako ndiko sini inakoishi, huchukua urefu wa maikroni 6 tu juu ya kanda. Kichwa cha dekki yako kikiinama kidogo sana tofauti na kilivyoinama kichwa cha kinasa sauti cha babu, ncha moja ya kichwa husoma wimbi hili na ncha nyingine husoma wimbi linalofuata, yakafutana. Sauti nzito hazidhuriki, kwa sababu mawimbi yake ni marefu. Hii ndiyo shuka aliyojifunika babu.

Dawa yake ni bisibisi ndogo. Ukifungua mlango wa kaseti utaona kichwa kimeshikwa na skrubu mbili. Moja ina springi chini yake, na mara nyingi imepakwa tone la rangi. Hiyo ndiyo ya kurekebisha mwinamo. Kabla hujaigusa, chora alama ya mahali ilipo, ili uweze kurudi. Kisha cheza kanda, unganisha kulia na kushoto kuwa sauti moja, uvae hedfoni, na uizungushe skrubu polepole, robo ya robo ya mzunguko, huku ukisikiliza herufi sini peke yake. Utasikia inafunguka, inang'aa, halafu inaziba tena. Rudi pale ilipong'aa. Kuziunganisha pande mbili ni muhimu, kwa sababu zikisikilizwa mbalimbali sikio husamehe kosa ambalo zikiwa pamoja haliwezi kujificha. Lifanye hili kwa kila kaseti, na ukigeuza upande, sikiliza tena.

Yote haya ni baada ya usafi. Pamba ya masikio na spiriti ya aisopropili isiyo na manukato, upanguse kichwa na ule mhimili mwembamba wa chuma unaoivuta kanda; gurudumu la mpira lipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo. Kwa hewa yetu ya chumvi, tazama pia kupitia kidirisha cha kila kaseti: ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa kanda, huo ni ukungu. Hiyo usiicheze kabla haijasafishwa, kwa maana itaupaka kichwa, na kichwa kitazipaka nyingine zote.

Mtayarishaji wa Vipindi (Malindi)

Nakubaliana na fundi karibu kwa yote, na ninaongeza machache kwa upande wa redio, kwa kuwa kazi yangu ni kupokea faili kama hizi na kuzitengenezea kipindi.

Tafadhali usitukabidhi faili iliyokwisha "safishwa" peke yake. Hifadhi kwanza rekodi mbichi katika muundo wa WAV, usiiguse tena, na kila usafishaji ufanywe kwenye nakala. Saa moja ya biti 24 na 48 kHz, kulia na kushoto, huchukua takriban GB 1, kwa hiyo kaseti zako 22, hata zote zikiwa za dakika 90, hazitazidi GB 35. Hata diski ndogo inatosha. Nunua mbili, na moja ikae nje ya Lamu. Kwa jamaa wanaotaka kusikiliza kwenye simu, MP3 inafaa, lakini asije mtu akaifanya MP3 kuwa ndiyo asili.

Kuhusu kelele, kosa lako ni kutaka mchakacho uishe. Programu hujifunza umbo la mchakacho kutoka kwenye kipande kisicho na msomaji, kisha huuondoa kila mahali, na sini haina tofauti kubwa na mchakacho: zote mbili ni upepo. Ukiondoa desibeli 20 umemwondoa na babu. Mimi huondoa 6, pengine 8, na kipande cha kujifunzia hukichukua kwenye kaseti ile ile na upande ule ule, pale msomaji anapovuta pumzi kabla ya ubeti wa kwanza. Msikilizaji wa redio huuzoea mchakacho usiobadilika baada ya nusu dakika. Sauti ya mtungini haizoei kamwe. Wala usihofu kwamba redio itaidhulumu kanda: matangazo ya FM hubeba hadi 15 kHz, na kinasa sauti cha aina hiyo huenda hakikuvuka nusu yake.

Ninalotofautiana na fundi ni kwamba amelipita neno la shangazi. Ndugu, shangazi yako amekupa kipimo. Mtu haisahau sauti ya baba yake, na kama anaisikia ni ya kijana, maana yake kanda inakwenda kasi kuliko ilivyorekodiwa. Na kuna ushahidi wa pili, ambao umeuandika wewe mwenyewe bila kuutambua. Umekata 50 na 100 Hz kwa kichujio chembamba na mvumo haukuondoka. Je, kama mvumo hauko 50? Kama uliingia kutoka kwenye umeme wa nyumba siku ile, nawe sasa unaicheza kanda kasi, mvumo umepanda pamoja na sauti ya babu. Tumia kile kifaa cha kuchora masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, katika Audacity, uchague sekunde kadhaa za kimya, usome kilele cha chini kabisa kiko wapi. Kikisoma 52, kanda inakwenda kasi kwa asilimia 4, nawe umepata rula ya kurudishia. Kwa hiyo usiufute mvumo kabla hujautumia.

Mjukuu wa Langoni (Lamu)

Mwenyezi Mungu awalipe. Nimezima Dolby, nimepata kadi ya USB, na jana usiku baada ya isha nilizungusha ile skrubu. Sikutegemea. Kwenye utenzi mmoja kuna neno "siisi", na tangu nianze kazi hii nilikuwa nikilisikia kama "hiihi". Lilipofunguka niliruka kitini nikamwamsha mwenye nyumba. Ni chini ya robo ya mzunguko tu.

Mvumo nimeupima. Kilele kiko 51 Hz, kingine 102, kingine 153. Ina maana nipunguze kasi kwa asilimia 2? Nimejaribu, na shangazi anasema: "Amekaribia, lakini bado."

Mstaafu wa Mkomani (Lamu)

Wanangu, nimesoma mazungumzo haya kwa furaha, nami nilikuwa fundi umeme hapa mjini kabla ya kustaafu. Hesabu ya dada mtayarishaji wa Malindi ni sahihi kwa mji ulioungwa na gridi, ambako masafa ya umeme hayachezi sana. Lakini kanda hizi ni za miaka ya 1980, na Lamu ya wakati ule ilipata umeme wake kutoka kwenye mitambo ya dizeli papa hapa. Masafa ya jenereta hufuata mzunguko wa injini: ikizidiwa na mzigo hupungua kasi, na masafa hupungua pamoja nayo. Jioni, watu wanapowasha mataa, ndipo hasa injini huzidiwa, na jioni ndipo wasomaji hukaa dakani. Kwa hiyo 50 Hz mnayoitegemea huenda siku hiyo haikuwa 50. Rula yenyewe ilipinda.

Tafuta kitu kingine kwenye kanda ambacho hakitegemei umeme wa Lamu. Nai haifai, kwa sababu kila fundi huchonga yake. Matari hayafai, kwa kuwa ngozi huangikwa motoni na sauti yake hupanda. Lakini wazee wetu hao walikuwa hawaachani na redio. Pekua mwanzo na mwisho wa kila upande, pale mtu anapobonyeza kitufe mapema au kuchelewa kukizima. Ukiisikia ile milio sita ya saa kamili ya BBC, mitano mifupi na wa sita mrefu, umepata unachokitaka: mlio ule ni wa 1000 Hz, na hauna habari na jenereta ya mji wowote. Masafa mafupi huifanya sauti ififie na kurudi, lakini kiwango cha mlio huo hakiguswi.

Mjukuu wa Langoni (Lamu)

Mzee wangu, shikamoo. Nimepekua pande zote 44 kwa siku tatu, na nimeipata katika kaseti nne. Katika mojawapo, ambayo ndiyo ile ya utenzi niliyomsikilizisha shangazi, kanda inaanza na sekunde 9 za redio kwa mbali, kuku analia, milio sita inapigwa, mtu anasema "zima hiyo", kisha kimya, kisha babu anakohoa na kuanza bismillahi. Nilichagua mlio wa sita peke yake, kwa sababu ndio mrefu wa kutosha kupimika, na kilele chake kimesoma 1046.

Basi kanda inakwenda kasi kwa asilimia 4.6, si 2. Nikagawa ule mvumo wa 51 kwa 1.046, nikapata karibu 48.8. Umeme wa Langoni jioni ile ulikuwa chini ya 49 Hz, kama ulivyosema.

Nimetumia kifaa cha kubadilisha kasi, kile kinachoteremsha mwendo na sauti kwa pamoja. Nusura nikosee tena hapo: nilitaka kuandika asilimia 4.6 ya kupunguza, lakini 1 ukiigawa kwa 1.046 unapata 0.956, kwa hiyo kinachopunguzwa ni 4.4. Kila dakika 10 zimekuwa dakika 10 na sekunde 28. Baada ya hapo vichujio nikaviweka 48.8, 97.5 na 146, vyembamba, na mvumo umetulia bila ya kuikata sauti ya kifuani. Mchakacho nimeupunguza kwa desibeli 6 tu, kama nilivyoagizwa.

Shangazi alisikiliza beti nne, kisha akaanza kusoma pamoja naye. Sikumuuliza neno.

Swali langu la mwisho ni hili: kaseti 18 zilizobaki hazina milio. Je, nitumie 4.6 kwa zote?

Fundi wa Redio (Malindi)

Usitumie kwa zote kabla hujajua kosa ni la nani. Ukipata kaseti mpya ya dukani yenye mlio wa kupimia, icheze kwenye dekki yako: ikisoma sawasawa, dekki haina lawama na kinasa sauti cha babu ndicho kilichokuwa kizito. Kisha linganisha zile kaseti nne. Zikikupa namba zinazokaribiana, mashine ilikuwa na kosa moja la kudumu, na unaweza kulitumia kwa kaseti zilizorekodiwa kipindi hicho. Zikitofautiana sana, jua kwamba wakati mwingine alitumia betri, na betri inayokufa hupunguza mwendo kidogo kidogo, hata mwanzo wa upande na mwisho wake visilingane.

Mtayarishaji wa Vipindi (Malindi)

Na kwa ambazo hazina kipimo, ziache na kasi yake katika rekodi mbichi, na uandike hivyo katika daftari litakalokaa pamoja na diski: namba ya kaseti, upande, dekki, tarehe ya kuhamisha, na neno "kasi haijathibitishwa". Kwa kipindi cha Mfungo Sita tuletee hizo nne kwanza. Kwenye ile ya utenzi, naomba usizikate zile sekunde 9 za mwanzo.

Mjukuu wa Langoni (Lamu)

Sizikati. Zile nne zimetoa 1046, 1044, 1047 na 1019. Hiyo ya mwisho imeandikwa kwenye karatasi yake "Matondoni", kijiji cha hapa kisiwani, na huko nadhani alikwenda na betri mpya.